Nyumba na Moto Wake: Yampasayo Mnunuzi Kukagua Kabla ya Kutoa Fedha

Katika mlango wa biashara tuliousoma wiki zilizopita, tulipita juu ya mas-ala ya mnyama wa maziwa ambaye mwenyewe humwacha siku mbili tatu bila ya kumkama, kisha akampeleka mnadani. Mnunuzi huliona ziwa limejaa, akadhani hiyo ndiyo hali yake ya kila siku, akatoa bei ya mnyama wa maziwa mengi. Siku ya kwanza hukama akafurahi, siku ya pili maziwa yakapungua, siku ya tatu akakijua alichokinunua. Sharia imemkataza muuzaji hila hiyo, na imempa mnunuzi ikhiyari ya kumrudisha mnyama.

Baadhi ya wanafunzi waliuliza: mas-ala haya yatufaa nini sisi tulio Kaaga, ambao wengi wetu hatuuzi ngamia wala mbuzi? Jawabu ni kwamba yatufaa sana, kwani ziwa lililojazwa kwa hila lipo katika kila biashara. Leo twataka kulionyesha mahali ambapo ndugu zetu wengi hawapatazamii, napo ni katika nyumba inayouzwa, ndani ya tangi la maji ya moto.

KWA NINI JAMBO HILI

Kaaga ipo kando ya mji wa Meru, katika miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Mtu aliyezaliwa Lamu au Mombasa, au aliyekulia katika joto la Isiolo, ambako ni mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka hapa, akija kununua nyumba hutazama hati ya kiwanja, idadi ya vyumba, na ukaribu wa msikiti na skuli. Yote hayo ni ya kutazamwa. Lakini akifika mwezi wa Juni na Julai, ukungu ukashuka, mzee wa nyumba akatafuta maji ya udhu wa alfajiri na mtoto mchanga akataka kuoshwa, ndipo atambuapo kwamba nyumba ya nchi ya baridi ina kiungo ambacho nyumba ya pwani haina. Kiungo hicho ni moto wake: boila ya kuni iliyo nyuma ya jiko, shawa ya umeme, tangi la jua lililo juu ya paa, au meko ya ukutani sebuleni.

Kiungo hiki kikiwa kibovu, khasara yake ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mali: kubadilisha boila, waya au tangi baada ya kuwa fedha zote zimekwisha katika bei ya nyumba. Namna ya pili ni ya roho, nayo ndiyo iliyotufanya tuliandike somo hili. Ukuta wenye ufa hukuonya mwaka mzima kabla ya kuanguka. Moto wa nyumba ukikosewa, huua katika usiku mmoja, na huua watu waliolala.

KANUNI MOJA YA KUSHIKA

Watu wengi wakikagua huuliza: je, maji yapata moto? Swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: kile kinachotoka pamoja na joto, chatokea wapi?

Kuni na makaa hutoa moshi na hewa ya sumu. Maji yanayochemka hutoa mvuke. Umeme unapovuja hutafuta njia ya kwenda ardhini. Vitu vitatu hivi ni lazima viwe na njia zilizo wazi. Nyumba ambayo moshi, mvuke na umeme vina njia zake ni nyumba salama, hata kama maji yake huchelewa kupata moto. Na nyumba ambayo mojawapo ya njia hizo imezibwa ni nyumba ya khatari, hata kama maji yake yaunguza mkono. Basi tuzieleze njia hizo moja moja.

NJIA YA KWANZA: NJIA YA MOSHI

Makaa na kuni vikiungua mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo wataalamu huiita kaboni monoksidi. Hewa hii hushikamana na damu ya mwanadamu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ile hewa safi tunayoivuta. Damu ikijaa sumu hiyo haina tena nafasi ya kuibeba hewa ya uhai. Mtu huumwa na kichwa, hulegea, hupatwa na usingizi, kisha haamki. Moshi wenyewe humwamsha mtu kwa kikohozi, lakini hewa hii haimwamshi. Kwa hiyo jiko la makaa lililokwisha kuwaka vizuri, likawa jekundu bila ya moshi, ndilo la kuogopwa zaidi ndani ya chumba kilichofungwa.

Ikiwa nyumba ina meko ya ukutani, mnunuzi na afanye haya. Ainame atazame juu ndani ya dohani kwa tochi. Akiona nyuzi za masizi mazito yanayong'aa kama lami, ajue dohani haijasafishwa siku nyingi, na masizi hayo yenyewe huweza kushika moto. Akiona kiota cha ndege au tofali lililoanguka, ajue njia imezibwa. Kisha atazame ukuta ulio juu ya kinywa cha meko. Weusi uliopanda ukutani ni ushahidi kwamba moshi hurudi sebuleni, hata kama rangi mpya imepakwa juu yake, na rangi mpya mahali pamoja tu, penginepo pakiwa pa zamani, ni jambo la kuulizwa. Mwisho awashe karatasi chache ndani ya meko, dirisha likiwa limefungwa, atazame moshi waelekea wapi. Dohani nzuri huuvuta moshi juu mara moja baada ya kupata joto.

Katika miji hii yetu ziko nyumba nyingi za mbao. Humo bomba la moshi la chuma likipenya dari au ukuta, mbao zisiligusane. Panda darini ukatazame kwa macho yako. Ubao uliogeuka rangi ya kahawia au mweusi kando ya bomba ni ubao unaochomwa kidogo kidogo kila siku, na siku moja utawaka. Na kichwa cha bomba nje kiwe juu kuliko mgongo wa paa lililo karibu nacho, la sivyo upepo utausukuma moshi urudi chini.

Ikiwa nyumba haina meko wala boila, usidhani kwamba umeepukana na mlango huu. Muulize muuzaji kwa upole: “Mwezi wa Julai mlikuwa mkiota moto wapi?” Akisema walikuwa wakiingiza jiko la makaa chumbani, basi umejua kwamba katika hesabu yako ni lazima uongeze gharama ya kuipatia nyumba hiyo moto wa salama. Hali kadhalika hita za maji zinazotumia gesi: hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu dogo lisilo na bomba la kutoa hewa nje ni jiko la makaa lenye sura nzuri. Ifungwe nje, au iwe na bomba lake la kutolea hewa.

NJIA YA PILI: NJIA YA MVUKE

Boila ya kuni ya nyumbani ni chombo chepesi kukifahamu. Ni pipa la chuma lenye tumbo la moto ndani yake, na moshi hupita katikati ya maji ukaenda katika bomba lake. Maji baridi hushuka kutoka tangi la juu, huingia boila kwa chini. Yakipata moto huwa mepesi, hupanda, hutoka kwa juu kwenda bafuni na jikoni. Haina pampu wala umeme. Kazi yote ni ya maji baridi kuyasukuma ya moto.

Juu ya boila hiyo pana bomba moja ambalo wajinga hulidharau, na maisha ya nyumba nzima yamelitegemea. Ni bomba la kupumulia, linalotoka katika kichwa cha boila, likapanda hadi kupita usawa wa maji ya tangi la juu, likaachwa wazi. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote hutaka nafasi ya lita 1,600 au zaidi. Mvuke huo ukikosa njia, chuma hupasuka kama kombora. Kwa hiyo bomba la kupumulia halifungwi vali, haliwekwi mfereji, wala halizibwi kwa kizibo kwa sababu “lilikuwa likitoa matone”. Mnunuzi alifuate kwa macho tangu boila mpaka mwisho wake. Akikuta vali juu yake, au limekatwa likazibwa, asikubali moto uwashwe hata kwa kujaribu, mpaka fundi alifungue.

Boila za umeme zenye tangi lililofungwa hazina bomba wazi la namna hii. Badala yake huwa na vali ya usalama inayofunguka yenyewe nguvu ikizidi. Itazamwe kama ipo, kama mdomo wake una bomba la kupeleka maji nje, na kama haijaganda kwa kutu.

Sasa twende katika tumbo la boila. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuzaji wa chakula, akaingiza mkono wake ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umaji chini, hali juu palikuwa pakavu. Akamkaripia muuzaji kwa kutoweka kilicholowa juu watu wakakiona. Wanavyuoni wetu wametoa katika tukio hili hukumu ya muuzaji, na ni haki. Lakini tutazame pia ule mkono. Haukutosheka na kilicho juu.

Basi mnunuzi na auingize mkono wake katika majivu ya boila, ikiwa imepoa. Majivu makavu ni dalili njema. Majivu yaliyolowa, au yaliyoganda kama udongo, ni dalili kwamba chuma kimetoboka na maji yanavuja katika tumbo la moto. Ila tahadhari moja ni lazima tuitaje, tusimdhulumu muuzaji: boila baridi inapowashwa hutoa jasho ndani, kama vile chupa ya maji baridi itoavyo jasho nje. Jasho hilo hukauka boila ikishapata moto. Tundu halikauki. Kwa hiyo washa, ngoja nusu saa, kisha tazama tena.

Atazame pia mishono ya chuma iliyoungwa kwa moto, khasa chini, ambako kutu huanza. Afungue mfereji wa maji ya moto asubuhi kabla haujatumiwa, ayakinge maji ya kwanza katika kikombe cheupe. Yakiwa mekundu, kutu imo ndani ya boila au mabomba ya chuma. Na aulize maji ya mtaa huo huja kila siku au kwa mgao. Boila inayowashwa hali haina maji huharibika siku moja, kwa hiyo penye mgao tangi la juu ni lazima liwe kubwa, na mtu awe na njia ya kujua kwamba limejaa kabla ya kuwasha.

NJIA YA TATU: NJIA YA UMEME

Shawa ya umeme inayochemsha maji papo hapo imeenea katika nyumba za mji kwa kuwa bei yake ni ndogo. Lakini tuifahamu kazi yake. Shawa ya wati 5,500 kwa umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Taa ya kisasa haivuti hata sehemu ya mia ya hizo. Waya mwembamba wa soketi za kawaida ukipewa mzigo huo hupata moto ndani ya ukuta, ambako hakuna anayeuona. Shawa ya namna hiyo yataka waya wake peke yake kutoka katika boksi la umeme, wenye unene wa milimita za mraba 4 au 6, na kikata-umeme chake, ambacho mafundi hukiita breka.

Lililo kubwa zaidi ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Katika bafu mtu husimama mtupu, amelowa, miguu katika maji. Shawa ikivuja umeme, umeme huo utakwenda ardhini ama kwa waya ama kwa mwili wa mwenye kuoga. Hapana njia nyingine. Nyumba nyingi zina shawa nzuri, na ule waya wa ethi umekatwa ukakunjwa nyuma yake, kwa kuwa fundi hakupata pa kuufunga. Mnunuzi hawezi kuliona jambo hili kwa kutazama. Na aje na fundi mwenye leseni, na leseni hizo hutolewa na halmashauri ya serikali inayosimamia nishati, EPRA. Fundi huyo aifungue shawa, apime ethi kwa kipimo chake, na atazame kama katika boksi kuna kile kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Ujira wa fundi kwa saa moja ni mdogo kuliko sanda.

Yako mawili ambayo mnunuzi aweza kuyafanya mwenyewe. La kwanza, aiwashe shawa kwa dakika kumi huku taa zikiwaka. Taa zikififia sana, au harufu ya plastiki inayoungua ikisikika penye swichi, waya ni dhaifu. La pili, ayapime maji kwa ndoo na saa. Shawa ya wati 5,000 ikiyapandisha maji kwa nyuzi 25, haiwezi kutoa zaidi ya lita 3 hivi kwa dakika. Hiyo ndiyo hesabu, na hapana chapa inayoweza kuishinda. Kwa hiyo asubuhi ya baridi kali maji yakiwa machache, huenda si ubovu. Ni kipimo cha chombo, na mnunuzi akijue mapema.

KHABARI YA TANGI LA JUA

Mwaka 2012 serikali ya Kenya ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua. Kutoka wakati huo matangi ya jua yameongezeka juu ya mapaa, na wauzaji huyataja kwa fahari. Ni neema, lakini nayo ina ukaguzi wake.

Sisi tupo karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambao wapita kusini kidogo ya mji wa Meru. Kwa hiyo jua hulala upande wa kaskazini mwezi wa Juni na Julai, na upande wa kusini mwezi wa Disemba. Bamba lililoinamishwa kidogo kuelekea kaskazini hulipokea jua vizuri zaidi katika miezi ile ile ya baridi ambayo maji ya moto yahitajiwa mno. Tazama pia kivuli: mti wa jirani ulio mfupi leo utakuwa mrefu baada ya miaka mitano. Tazama mirija ya kioo kama haijavunjika kwa mvua ya mawe, tazama chini ya tangi kama hapana michirizi ya kutu juu ya mabati, na tazama mbao za paa kama zaweza kuubeba uzito. Lita 200 za maji ni kilo 200, mbali na tangi lenyewe.

Kisha ujue kwamba siku za ukungu mfululizo jua halitoshi. Hesabu ni hii: kuyapandisha maji lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 48 kwataka uniti 3 na nusu za umeme. Muulize muuzaji siku kama hizo maji hupata moto kwa nini. Ikiwa ndani ya tangi mna koili ya umeme, nayo ni lazima ipite katika ukaguzi wa njia ya tatu tuliyoieleza.

WAKATI WA KUKAGUA

Sasa turejee kwa mnyama wetu wa maziwa. Dalali humpeleka mnunuzi saa nane mchana. Jua limewaka, boila imewashwa tangu asubuhi, mfereji unafunguliwa, mvuke unapanda, na mnunuzi anasema: mashaallah. Hilo ndilo ziwa lililojaa.

Mnunuzi mwenye akili na aombe kwenda alfajiri, kabla moto haujawashwa na kabla jua halijatoka. Ikiwa kuna tangi la jua, afungue mfereji wakati huo. Tangi lililofungwa joho zuri huweka maji yenye uvuguvugu mpaka asubuhi, na lililooza joho lake hutoa maji baridi. Ikiwa kuna boila, aiguse, aone ni baridi kweli. Kisha aiwashe kwa kuni alizozipima, atazame saa. Kuni kavu kilo tatu au nne zatosha katika boila ya kawaida kuyapasha moto maji ya kuoga lita 100. Ikimaliza mzigo mzima na maji bado yana uvuguvugu tu, boila imejaa masizi au tope, au kuni zake ni mbichi. Na siku ya mvua ni bora kuliko siku ya jua kwa ukaguzi wowote wa nyumba.

Muuzaji akikataa mtu asije alfajiri, huenda ana udhuru. Akikataa moto usiwashwe kabisa, siku yoyote, saa yoyote, basi kukataa kwake ni jawabu.

HUKUMU ZAKE

Tuchukue mfano kwa majina ya vitabuni. Zaidi amemuuzia Amri nyumba iliyopo Kaaga. Zaidi ajua kwamba boila imetoboka, naye ameiziba kwa gundi ya chuma itakayodumu mwezi mmoja. Amri amekagua, hakuona.

Kwanza, Zaidi ni mwenye dhambi kwa kuficha, hata kama Amri hakuuliza. Kubainisha aibu ni wajibu wa muuzaji, wala si jawabu la swali. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyasoma, wajibu huo humfikia pia mtu wa nje aijuaye aibu. Basi na dalali asikie, na jirani asikie, na fundi aliyeiziba asikie.

Pili, Amri ana ikhiyari ya kurudisha kwa aibu iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa. Lakini ikhiyari hiyo ni ya papo hapo. Akiiona aibu Jumatatu, akanyamaza, akaendelea kukaa na kuoga hadi mwisho wa mwezi huku akijua, ameiridhia, na haki yake ya kurudisha imeondoka.

Tatu, Zaidi akisema: “Nimekuuzia kama ilivyo, sina dhima ya aibu yoyote,” neno hilo halimtoi katika dhima ya aibu aliyokuwa akiijua akaificha. Wengi hulitumia neno hili kama kanzu ya kufunikia uwongo. Kanzu hiyo ina matundu.

Hayo ndiyo yaliyo baina ya mja na Mola wake, na baina ya wenye kumcha. Lakini katika mahakama za nchi, anayenunua nyumba huhesabiwa ameichukua kama ilivyo isipokuwa yaliyoandikwa, na mkataba wa kuuziana ardhi usioandikwa, ukatiwa saini na kushuhudiwa, hauna nguvu ya kudaiwa. Kwa hiyo kuandika ni katika kuihifadhi mali. Mwambie wakili wako aandike katika mkataba kwamba boila, tangi la jua, shawa na mabomba yake ni katika vilivyouzwa, maana wako wauzaji ambao siku ya kuhama huvifungua wakaondoka navyo. Aandike pia hali yake siku ya ukaguzi, na nani atengeneze kilichoonekana kibovu. Baina ya kutoa malipo ya kwanza, ambayo kwa desturi ni sehemu ya kumi ya bei, na kukabidhiwa nyumba hupita siku 90 au karibu na hapo. Kagua mara ya pili kabla ya kupokea funguo.

Wala mtu asidhani kwamba kukagua ni kumdhania muuzaji ubaya. Kukagua humlinda muuzaji mkweli pia, kwa kuwa mnunuzi aliyeona kwa macho yake hatarudi kesho kumsingizia. Na aibu ikionekana si lazima biashara ivunjike. Boila iliyotoboka ni bei ya kupunguzwa. Waya wa ethi uliokatwa ni kazi ya siku moja. Nyumba nyingi zenye aibu hizi zafaa kununuliwa kwa bei ya haki, zikatengenezwa kabla ya mtoto kulazwa ndani yake.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA HALAKA

1. Ni vitu vipi vitatu ambavyo ni lazima viwe na njia ya kutokea katika nyumba yenye moto, na kila kimoja njia yake ni ipi?

2. Mnunuzi ameona majivu yamelowa katika boila iliyowashwa dakika tano zilizopita. Je, ahukumu kwamba imetoboka? Afanye nini?

3. Fundi ameitwa kuziba boila, naye ajua kwamba nyumba itauzwa wiki ijayo kwa ndugu asiyejua. Ni nini wajibu wake, na ujira alioupokea wamzuia kusema?

4. Kila mwanafunzi aende nyumbani kwake wiki hii, alifuate bomba la kupumulia la boila yake mpaka mwisho, au amwite fundi aitazame ethi ya shawa yake, kisha aje atueleze alichokikuta. Anayepanga nyumba na amweleze mwenye nyumba.

Na tuanze na hilo la nne, kwani waliolala chini ya mapaa yetu usiku huu ni amana yetu kabla ya watakaolala katika nyumba tutakazozinunua. Wabillahi taufiki.